Siku Seli Ilipocheza Bugobogobo

Soko huria lilituletea Mwanza mitumba, viwanda vya minofu ya sangara, na darubini ya Sabina Kashindye. Mitumba tuliielewa siku ileile. Darubini ilihitaji maelezo, maana haikutazama kitu, ilipapasa. Kisindano chake kilipita juu ya seli hai ya damu kikiigusa kwa upole, kama kipofu anavyopapasa uso wa mtoto wake, na kompyuta ikachora kilichoguswa. Ilikuja na jiwe zito la kukalia ili itulie. Jiwe, kwa meli, kuletwa Mwanza, mji wa miamba!

Sabina, fundi wa maabara na mzaliwa wa Mkuyuni, alisomeshwa Ulaya kuitumia. Alitaka kujua damu ya watoto wenye selimundu huanza lini kukakamaa, kabla hawajaanza kulia kwa maumivu. Dada yake alikufa kwa ugonjwa huo. Basi ukikohoa karibu na mashine, alikutoa nje, uwe daktari uwe nani, kwa kuwa kisindano kilihisi hata mlango ukifungwa. Tulitembea pekupeku humo, watu wazima na vyeti vyetu.

Siku ya uzinduzi, wafadhili walitaka picha moja safi ya seli hai. Wakiridhika, mashine ingebaki Mwanza. Kisindano kilikuwa ndiyo kwanza kimeshuka pale mjomba wa Sabina, mzee Ndalahwa, alipofika na kikundi kizima cha bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, kutoka Ilemela, majembe mkononi. Mpwa wake apokee wageni bila ngoma? Na nani kwetu angethubutu kumzuia?

Ngoma zikalia chini ya dirisha. Kwenye kioo cha kompyuta, seli ikaruka, ikatua, ikaruka tena, ikifuata mapigo.

Mgeni rasmi akapiga makofi. "Kumbe kweli iko hai!"

Sabina alijaribu kueleza, vigelegele vikammeza.

Wafadhili wakaona Mwanza ina kelele mno. Mgeni rasmi akaona mashine nzuri namna ile haiwezi kukaa mkoani. Wakapeana mikono, nayo ikapelekwa Dar es Salaam, ambako inaelekea hakuna kelele. Sabina hakupelekwa. Nina hasira nao hadi leo.

Jioni ile mzee Ndalahwa, jasho halijamkauka, alimuuliza, "Mwanangu, tumekuheshimisha?"

Sabina alikuwa amelia mchana kutwa. Akapiga goti, akamnawisha mikono ale.

"Mmeniheshimisha, mjomba," akasema, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."