Maua Yasiyogawika

Ukifika Mpemba ukauliza nyumba ya Tupokigwe, utaelekezwa kwa maua na kwa kelele. Maua yamejaa uani. Kelele ni zake mwenyewe. Mama huyu ana miaka hamsini na minne, na tangu utotoni kwao kwenye vilima vya Ileje hajawahi kulilaza neno moyoni likaamka naye kesho yake. Waliomzoea humwita moto wa mabua: huwaka ghafla, huzimika upesi, na baada ya saa moja anakukaribisha chai. Mwaka huu walikosea. Aliwaka Pasaka, na Pentekoste ilikuwa inabisha hodi naye bado anawaka.

Kazi yake ni kupamba kwa maua. Dalia na mayungiyungi meupe anapanda mwenyewe, kando ya mfereji nyuma ya nyumba. Lakini ua lake la fahari ni protea, nalo halipendi bondeni. Linaota juu milimani, kwenye vichaka vigumu ambavyo mchunga mbuzi huvipita bila kugeuka. Kichwa chake ni kikubwa kama kikombe cha chai, na kingo zake zina manyoya laini ambayo kila anayeyaona lazima ayapapase. Kaka yake, Lwitiko, humkatia huko Ileje, akayafunga ndani ya kiroba kilicholoweshwa maji na kumpa dereva wa gari la abiria. Yakifika, Tupokigwe hupasua ncha za vijiti kwa kisu, maana mti wake ni mgumu na bila kupasuliwa haunywi maji, kisha huyasimamisha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu mpaka yashibe.

Mashada yake huyajenga juu ya ngata ya magome makavu ya mgomba, ngata ileile ambayo mwanamke huiweka kichwani anapojitwika ndoo. Kila msimu una shada lake. Desemba ni protea zilizokaushwa, na akina mama wa Kizambia huvuka mpaka kuzifuata, na salamu zao za "mulishani, mayo" nyingi kabla hawajaanza kubishana bei. Sikukuu ya mavuno ni matawi ya kahawa ya Mbozi yenye buni nyekundu, yamefungwa pamoja na masuke ya mtama. Kwaresima ni hakuna. Siku arobaini madhabahuni hubaki kitambaa cha zambarau peke yake, na ndoo za Tupokigwe hufunikwa kifudifudi uani. Kisha alfajiri ya Pasaka watu wakiingia kanisani wanakuta protea zimejaa kutoka ukutani mpaka ngazini, na hata wazee wasiojua tofauti ya ua na mchicha husimama kidogo.

Kuna desturi moja katika kanisa lao. Aliianzisha Mama Loisi, mlezi wa akina mama, miaka mingi kabla macho yake hayajazima. Mama Loisi alisema ua la madhabahuni halilali kanisani. Basi ibada ikiisha, mapambo yanafumuliwa palepale ngazini, kila mwanamke anachukua ua moja na kulipeleka kwa mtu ambaye hakuweza kuja: mgonjwa, mzee, aliyejifungua. Huwezi kupeleka ua mlangoni ukalitupa na kuondoka. Utaingia, utaketi, utaulizia hali. Na baada ya zile siku arobaini zisizo na ua, lile la Pasaka ndilo lililongojwa kuliko yote. Kwa watu wa kitandani, ua hilo ndilo Pasaka yenyewe.

Sasa ngoja nikueleze kilichotokea mwaka huu, maana hata mimi kinanikera.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Tupokigwe alifika kanisani na ndoo sita kwenye bajaji. Akakuta madhabahu imeshapambwa. Mawaridi ya plastiki, mayungiyungi ya plastiki, majani ya plastiki yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya kupikia. Mzee Andongwisye, mwenyekiti wa wazee wa kanisa na mwenye duka kule karibu na mpaka, alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, ameridhika. Alikuwa ameyatoa sadaka. Alimweleza Tupokigwe kwa upole kabisa kwamba maua haya hayanyauki, hayataki maji, hayana gharama ya gari kutoka Ileje, na kwamba dada yetu naye sasa apumzike, umri unakwenda.

Umri. Neno hilo ndilo lililomwaga petroli. Tupokigwe alimwambia Mzee Andongwisye mambo ambayo si vizuri kuyarudia mbele ya madhabahu, hata ya plastiki. Alimkumbusha kwamba miaka kumi na tisa amepamba kanisa hilo bila kudai hata soda. Alisema jina lake limetupwa nje, kazi yake imetupwa nje, jasho lake limedharauliwa na mtu asiyejua hata kumwagilia kitunguu. Kisha akageuza bajaji. Zile protea alizimwaga uani kwake, mbuzi wakazinusa wakaziacha.

Pasaka ikaimbwa mbele ya plastiki. Ibada ilipoisha, akina mama walikusanyika ngazini kwa mazoea, wakatazamana. Hakukuwa na cha kufumua. Maua ya Mzee Andongwisye yalikuwa yamefungwa kwa waya, na yalikuwa mali ya kanisa. Mmoja akasema jua kali. Wakaenda makwao.

Wiki iliyofuata Ketrina, katibu wa akina mama, alikuja kwa Tupokigwe. Aliomba vijiti vichache tu, hata vya dalia, ili wagonjwa wasikose. Tupokigwe alikuwa anapalilia. Hakuinua hata mgongo.

"Wapelekeeni yale yasiyonyauka," akasema.

Ketrina alicheka kidogo, maana lilikuwa jibu zuri, akaondoka. Na jibu lile lilitembea. Lilifika sokoni, likafika Chapwa, likafika hadi kwa Mzee Andongwisye mwenyewe, na Tupokigwe kila aliposikia limerudiwa alijisikia ameshinda kidogo. Watu walimwambia hasira hasara. Alijibu kwamba hasara ni yao. Jumapili zote alikaa benchi la nyuma, amekunja mikono, anayatazama yale mawaridi yalivyoanza kushika vumbi la barabara kuu, na vumbi lile lilimfurahisha kuliko mahubiri.

Wiki ya saba, wazee wakakubali kumsikiliza. Kikao kilipangwa Jumamosi saa nane mchana, siku moja kabla ya Pentekoste. Tupokigwe alitaka kitu kimoja: madhabahu yake irudi mikononi mwake, na Mzee Andongwisye aseme mbele ya watu kwamba alikosea. Alijua peke yake hatatosha. Lakini alijua pia kwamba hakuna mzee wa kanisa hilo awezaye kubishana na Mama Loisi, kwa sababu nusu yao aliwafundisha kusoma. Neno moja la Mama Loisi, na plastiki ingerudi dukani. Basi asubuhi ile akachagua protea saba, zile zilizofunguka nusu, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akaenda Chapwa.

Mama Loisi alihamia huko mwaka jana, kwa mkwe wake Frida, baada ya macho kuisha kabisa na miguu kumkataa. Frida anauza mchele Tunduma mjini. Ni mke mwema, anamwogesha mama mkwe kila asubuhi kabla ya kufungua biashara. Yeye ni Msabato, na nyumbani kwake Pasaka hupita kama siku nyingine yoyote. Sabato hiyo alikuwa amebaki nyumbani kumwangalia mama, akampokea Tupokigwe mlangoni na kumvuta pembeni kabla hajavua viatu.

Alisema mama hataki kula. Chakula cha mchana hakigusi. Asubuhi anakunywa uji usio na sukari, jioni anakula ugali kidogo, basi, na sasa ni miezi mitatu. Alimpeleka hospitali wakapima kila kitu wasione ugonjwa. Akimbembeleza, mama anamjibu tu kwamba subiri kidogo, zimebaki siku chache. "Mimi sielewi ni siku chache za nini, dada," Frida alisema. "Nimeogopa hata kumuuliza."

Tupokigwe alimpa pole, lakini kwa kweli hakusikia vizuri. Kichwa chake kilikuwa kimejaa kikao. Akaingia.

Mama Loisi alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta. Mikono ilikuwa imebaki mifupa. Tupokigwe alishtuka, lakini maneno yalikuwa yameshapangwa tangu nyumbani, yakatoka yenyewe. Alimwamkia shikamoo, akaweka maua mapajani kwake, na kabla mama hajamaliza kuitikia marahaba alikwishaanza: mama, mimi nimedhulumiwa, mama, hawa watu wamenivunjia heshima.

Mama Loisi aliinua mkono kumnyamazisha. Mkono wa pili ulikuwa juu ya protea. Ulizunguka ukingoni polepole, ukapapasa yale manyoya, ukashuka kwenye kijiti mpaka kwenye ncha iliyopasuliwa, ukarudi juu. Uso wote ukalegea.

"Frida," akaita. "Mwanangu, leo nitakula mchana. Weka na sukari kwenye chai. Pasaka imefika."

Kisha akamgeukia Tupokigwe, kule sauti yake ilikotoka. "Kwaresima ya mwaka huu imekuwa ndefu, mwanangu. Kuna siku nilidhani ni uzee unanichanganya hesabu. Nikasema hapana, kina Tupo hawawezi kunisahau. Ua halijaja, basi Pasaka bado. Nikaendelea kufunga."

Jikoni sufuria ilianguka. Frida alikuwa amesikia.

Tupokigwe alisimama katikati ya chumba. Hasira yake yote ya wiki saba ilimpanda mara moja, ikawa inatafuta mtu. Ilimwendea kwanza Mzee Andongwisye, na Mungu amsamehe, alimlaani moyoni kwa majina yote. Mwanamke mzima asiyeona amefunga miezi mitatu kwa ajili ya waya na plastiki zake. Ikamwendea Ketrina: yeye ana miguu, si angekuja hata mikono mitupu? Ikamwendea Frida, aliyeogopa kuuliza. Lakini haikukaa kwa yeyote kati yao. Alijiona anapalilia, hajainua mgongo, na akalisikia lile jibu lake zuri. Alikumbuka kila neno alilomwambia Mzee Andongwisye siku ile kanisani, na yalikuwa mengi. Jina lake lilikuwamo. Miaka yake kumi na tisa ilikuwamo. Mgonjwa hakutajwa hata mmoja. Na protea za Pasaka, ndoo sita nzima, aliwamwagia mbuzi.

Alitamani kujipiga. Alitamani mtu aingie amtukane, ili apate wa kumjibu. Hakuingia mtu ila Frida, macho mekundu, na sahani ya wali na maharage, akaiweka kwenye stuli na kutoka bila kumtazama.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Kule kanisani wazee walikuwa wanaanza kupanga viti. Tupokigwe alivuta stuli, akanawa, akaanza kumlisha Mama Loisi taratibu, tonge dogo dogo, maana tumbo lilikuwa limesinyaa. Mama alikula matonge manne, akapumzika. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Tupokigwe.

"Bwana amefufuka," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yao ya asubuhi ya Pasaka, na jibu lake kila mtoto analijua. Tupokigwe alirudisha tonge sahanini, akakishika kiganja kile.

"Amefufuka kweli kweli, mama."

Mama Loisi aliitikia kwa kichwa, akatafuna kidogo, kisha akauliza jambo ambalo amekuwa akiliuliza kila Pasaka tangu aanzishe desturi ile.

"Na wale wengine, umeshawapelekea?"

"Bado, mama," akasema Tupokigwe. "Hata mmoja."