Mti Nilioulazimisha Kuchanua

Niliporudi kutoka Afrika Kusini nilikuwa na stashahada ya kilimo cha matunda, miaka kumi na mitatu ya kusimamia mashamba ya maparachichi, na nyumba Soweto niliyoijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Nayasema kwa sababu ni kweli.

Mama alikuwa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, Kirua Vunjo, na uvimbe kooni. Kilichopita ni uji na vitu laini. Alitamani parachichi la mti aliopanda marehemu baba nyuma ya jiko, lakini mti huo ulikuwa na misimu mitatu haujazaa.

"Nipate hata moja tu, mwanangu," aliniambia.

Dawa niliijua. Unachuna ukanda mwembamba wa gome kuzunguka tawi, chakula cha majani hakishuki mizizini, tawi linachanua. Tawi, siyo shina. Ndivyo nilivyofundishwa. Lakini mama alikuwa anapungua kila wiki, nami nilitaka mti wote uzae. Nikachuna shina, upana wa vidole vinne.

Baba mdogo, tunayepakana naye, akaja kuangalia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mtaalamu. Hata mbuzi ukimchuna shingo namna hiyo, hazai."

"Mimi nimezalisha maparachichi ya kujaza meli. Wewe endelea na migomba yako."

"Haya. Mimi sijasoma."

Msimu ulipofika mti ulichanua hadi majani hayakuonekana. Nilimtoa mama nje na kiti chake. Akawasikiliza nyuki, akacheka. Nikatuma picha kwa ndugu wote. Nilijua kwamba mti unaokufa huchanua kuliko mti mzima, ila siku ile sikutaka kulijua.

Matunda yalifika ukubwa wa njegere yakaanguka. Majani yakafuata. Baba mdogo akawa anapita pale akitazama chini.

Mama hakutoka nje tena. Miezi ya kuvuna ilipofika akauliza. Nilishuka sokoni Kiboriloni, nikachagua parachichi zuri kuliko yote, nikaliponda kwa uma na kumlisha, nikisema ni la nyuma ya jiko. Alimeza vijiko viwili kwa taabu.

"La baba yako lina nyuzi," alisema. "Hili halina."

"Niliutibu mti, mama. Nyuzi zimeisha."

Alinitazama usoni. Kisha akafungua mdomo, akasubiri kijiko cha tatu.