Kichwa Upande wa Bondeni

Harufu ya magadi yaliyolowekwa ndiyo hunirudisha nyumbani kwetu, juu ya Tengeru, msimu ule kahawa ilipozaa sana. Mama alikunywa funda la maji yake kila baada ya chakula, azime moto uliompanda kifuani. Alikuwa akila loshoro, yaani mahindi na ndizi kwa maziwa mgando, halafu anakwenda kuinama shambani kupalilia. Mara ungemwona amesimama wima, kiganja kifuani, koo limejaa uchachu. Mimi nilisimama karibu nikihesabu pumzi zake. Nilijua moyo uko pale pale alipojishika.

Muuguzi wa zahanati alituambia moyo ni mzima. Kinachopanda ni tindikali ya tumbo, kwa kuwa mlango wa juu wa tumbo umelegea. Akamkataza magadi, akamwambia asiiname wala kulala akiwa ameshiba, na kichwa kikae juu. Mama akaongeza mto wa pili, kisha wa tatu. Akawa anaamka shingo imekakamaa, sauti imekwaruza, nami nikaamini muuguzi amekosea na Mama anakufa.

Jumamosi moja gololi yangu ilidondoka mlangoni. Ilibiringika sakafu nzima ya udongo, ikapita chini ya kitanda cha Mama, ikagota ukutani, upande wa kichwa. Nikaiachia tena mara nne, ikaenda pale pale. Nyumba yetu ilikuwa imeinama kufuata mlima, na miaka yote Mama alilala kichwa bondeni.

"Huyu shule inamshinda, sasa anasoma sakafu," Baba alisema. Hata hivyo alishika kitanda, tukakigeuza, akaweka matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa. Mama hakupona kabisa, ila aliacha kujishika kifua.

Shule niliiacha mapema kweli, nikahama mji hadi mji, na kiungulia kama cha Mama kikanifuata. Kila chumba ninachopanga, gololi hutangulia sakafuni. Hiki cha Njiro kina vigae, na gololi imetulia tuli. Lakini siku hizi tonge la ugali hukwama kooni kabla ya kushuka. Nilimwambia Mama kwenye simu.

"Gololi haioni kooni, mwanangu. Nenda wakakuangalie."

Nimedadisi kila kitu maishani. Hili peke yake naogopa kulijua. Mama hupiga kila jioni. Kabla hajanisalimia, huwa kimya kidogo, na najua anasikiliza ninavyopumua.