Popo wa Dani

Kule Muhuru Bay kuna ajuza ninayemwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Popo wanaishi kwenye paa la jikoni mwake, na kazi yangu ni kuwapima, tujue mapema magonjwa yanayoweza kutufikia.

Siku ya kwanza nilimkuta na kijinga cha moto, anataka kuwafukuza kwa moshi. Nilimsihi awaache, maana wangehamia tu kwa jirani. Yeye ahamishe omena, dagaa wa ziwani, anazoanika chini yao na afunike maji. Alinuna, lakini alifanya. Kisha akauliza kwa nini navaa barakoa. Nikamwambia hata sisi tunaweza kuwaambukiza wao.

Juzi nilifika na mafua, nikapiga chafya uani. Dani akafunga mlango wa jikoni, akasimama mbele yake.

“Leo huingii.”

Nilikasirika. Nimetoka Homa Bay alfajiri, nimebeba nyavu na masanduku, halafu nafungiwa mlango!

Akanishika mkono, akanikalisha, akanimiminia chai ya tangawizi.

“Wewe ukiugua, hospitali iko,” akasema. “Hawa wangu watapelekwa wapi?”