Kuogopa Kicheko

Watu wengi huogopa msiba. Mimi naogopa kichekesho, na mwaka aliozaliwa binti yangu niliogopa kuliko wakati mwingine wowote.

Nikicheka sana, naanguka. Kwanza taya linalegea, halafu shingo, halafu magoti yanaisha nguvu, na muda wote huo nasikia kila neno. Nilipokuwa sekondari Bunda walisema nina mashetani, na kwa kuwa nilisinzia hata katikati ya mtihani, walimu wakaongezea uvivu. Fimbo nilizokula kwa kosa la ubongo wangu sijazisahau, na sijazisamehe.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza. Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo oreksini. Kazi yake ni kumweka mtu macho na kuzuia usingizi usiingie ovyo. Kwangu, seli zinazoitengeneza zimekufa karibu zote. Mtu akiota, alisema, ubongo huufunga mwili usije ukarukaruka kitandani. Mwili wangu hujifunga mchana kweupe, furaha ikinijia ghafla. Dawa alizoniandikia niliziacha nilipopata mimba. Mume wangu alijua. Mama mkwe hatukumwambia, maana niliogopa angesema mwanawe ameoa mgonjwa wa kifafa.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu, mama mkwe akaja kwetu Makoko kutoka Butiama. Nikajikaza. Nilinyonyesha nimekaa sakafuni, na kila alipotania niliuma ulimi na kuangalia ukuta. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Mwanangu, mbona huchekagi? Nimekukosea nini?"

"Hapana, mama. Nimechoka tu."

Kesho yake asubuhi nilisimama karibu na jiko la mkaa, mtoto mkononi, nikiangalia kama maji yake ya kuoga yamepata moto. Mama mkwe, amekaa kwenye kigoda, akaanza kumgombeza mtoto kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike.

"We mke mwenzangu! Ati umekuja kuninyang'anya mzee wangu? Na huna hata jino moja! Nyama utamtafunia na nini?"

Mtoto akamjibu kwa chafya, tena ya usoni.

Taya langu likalegea. Nilijua kinachokuja. Nilijaribu kukaa, lakini magoti yakaniwahi.

Nilianguka uso ukielekea ukutani. Nikasikia sufuria ikipinduka, mkaa ukizimika kwa kelele, mwanangu akilia, kisha akanyamaza. Nilitaka kugeuza shingo tu, nijue kanyamaza kwa nini. Sikuweza kusogeza hata kidole. Nimewahi kuogopa mambo mengi, lakini ukimya ule naukumbuka mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Nilipopata nguvu, labda ilikuwa imepita dakika moja. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia mtoto, mzima, hana hata mchubuko. Alikuwa amemdaka mguu. Kanga yake ilikuwa imeloa mpaka magotini, maji bado vuguvugu, Mungu asifiwe.

Nikamweleza yote. Hakunifukuza, wala hakutaja kifafa. Alichofanya kiliniuma zaidi: aliacha utani. Tangu siku ile akija anatuletea habari za mvua na za wagonjwa, basi. Mume wangu naye akaanza kuongea nyumbani kwa upole kama yuko ofisini. Walikuwa wananiogopa kama nilivyojiogopa mwenyewe, na mimi niliona aibu kuwaambia kwamba nyumba imepoa.

Binti yangu sasa ana miaka mitatu. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama jikoni nikikata nyanya, akatokea mlangoni amevaa shati la baba yake linaloburuta chini, na soksi moja imening'inia sikioni.

"Mama," akasema, "kaa chini kwanza."

Hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikaweka kisu mezani, nikakaa. Yeye alikuwa bado anasubiri, amebana midomo kwa vidole, asije akacheka kabla sijafika chini.