Mwaliko wa Malaga Haukuwa Wangu

Nimekosa, na nilikosa nikijua. Sitamsingizia shetani kama wengi wanavyofanya. Nilikuwa na akili zangu timamu nilipofanya nilichofanya. Tangu nirudi siwezi kutulia mahali pamoja. Nikiketi nasimama, nikisimama naenda mlangoni, nikifika mlangoni sijui nilikuwa nafuata nini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi upande wa Mitaboni, Machakos. Jina langu niachieni. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo, vile vikapu vya katani. Kwa sababu nilifika kidato cha nne na simu yangu inashika mtandao, barua pepe zote za kikundi zinapitia kwangu. Wenzangu husubiri niwasomee. Wananiamini, jamani!

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja mzee, nitamwita Nduku ingawa silo jina lake. Sote tunasuka, lakini kitako cha kiondo, pale nyuzi zinapoanzia, ni yeye anayetuanzia. Kitako kikienda upande, kiondo kizima kinakaa upande na hakuna anayekitaka. Basi kila Jumanne tunampelekea nyuzi zetu za katani, anatuanzia, sisi tunaenda kumalizia nyumbani. Mimi kwa miaka yote hiyo sijawahi kuanza kitako kikakaa sawa hata kimoja.

Mwaka uliopita ulipokuwa unaisha, ikaja barua pepe kutoka Malaga, mji ulio pwani ya kusini mwa Uhispania. Watu wa huko walikuwa wamenunua kiondo chetu wakaona kile kikaratasi tunachofunga kwenye mshipi, chenye jina la msukaji. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya kazi za mikono mwisho wa Februari, na walimtaka Nduku, kwa jina lake, aende siku kumi akawafundishe. Nauli juu yao, malazi juu yao.

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, muthokoi wa mahindi na maharagwe unachemka. Nikaisoma tena. Wivu ulinishika! Miaka saba nimewajazia fomu, nimewaandikia barua, nimekimbizana na ofisi za kaunti, halafu wa kupanda ndege awe mwingine? Mimi ambaye sijawahi kupita Mombasa?

Nikajibu usiku uleule. Nikaandika kwamba Nduku ana presha na daktari amemkataza kusafiri kwa ndege, ila katibu wake anaweza kuja badala yake. Kwa kikundi nikasema wazungu wamemwita katibu. Walipiga vigelegele, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Nduku.

Msinihurumie bado, maana kuna baya zaidi. Nduku ana binti mmoja tu, Mwende. Aliondoka miaka tisa iliyopita akaenda Uhispania, kazi yake kumtunza ajuza mmoja. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo akitoka hangeweza kurudi. Alipiga simu Krismasi na Pasaka tu, kwa sababu kila wakiongea yeye na mama yake walilia mpaka salio likaisha. Nilijua yote hayo! Nilijiambia Uhispania ni kubwa.

Kabla ya kuondoka nilimwomba Nduku anianzie vitako kumi na viwili. Nikamdanganya ni oda ya mteja. Alivianza kwa siku nne, macho yake mabovu, hakuniuliza kitu. Siku ya kunisindikiza alinishika mikono yote miwili.

"Katibu, mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kikamba, "huko ndio Mwende wangu ako. Ukimwona hata kwa barabara, mwambie mimi niko tu."

Nikasema sawa, Mwaitu, kama tunavyomwita mama kwetu.

Malaga ni mzuri, sitakataa. Jua linawaka na bado watu wamevaa makoti mazito, kwa sababu upepo wa bahari wakati huo una baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Barabarani kuna michungwa imejaa machungwa na hakuna anayechuma. Nilipouliza, nikaambiwa ni machungu. Wenyeji wangu walinipeleka hapa na pale, mpaka ngome kuukuu juu ya kilima, kutoka kule unaona bandari yote. Nilipiga picha nikitabasamu, nikazituma nyumbani.

Lakini sikuwa na raha hata saa moja! Kila nilipomwona mwanamke mweusi nilidhani ni Mwende. Nilivuka barabara. Niliingia kwenye maduka ambayo sikuwa na la kununua. Asubuhi nilitembea ufukweni haraka haraka kama mtu aliyechelewa, nikifika mwisho nageuka, narudi tena. Nilikuwa natembea kwa sababu nikikaa ningefikiri.

Kwenye maonyesho nilikuwa natoa kitako kimoja cha Nduku, naendelea kusuka, watu wanashangilia. Mama mmoja akaomba aone tunavyoanza. Nikasema hiyo ni siri ya kwetu, hatuionyeshi. Walicheka wakaniheshimu zaidi! Niliona aibu, lakini nikaendelea.

Siku ya sita, mchana, akaingia mwanamke amebeba maua na mkoba mdogo. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Wenyeji hawakuwa wamebadilisha tangazo lao kwenye mtandao, bado lilikuwa na jina la Nduku. Mwende aliliona, akapiga simu ya mama yake ikawa mteja hapatikani, akadhani basi ameshasafiri. Alisafiri kwa basi muda wa saa tatu.

"Auntie! Ni wewe? Mama ako wapi?" Alikuwa anaangalia nyuma yangu, anatafuta.

Kabla sijajibu, bibi mmoja kati ya wenyeji wangu alimkumbatia, akamwambia maneno kwa Kihispania. Mimi Kihispania sijui, lakini niliona uso wa Mwende ukibadilika.

"Mama ni mgonjwa? Tangu lini? Mbona hakuna mtu aliniambia?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, mzima! Lakini mwenyeji wangu alikuwa amesimama pale, na watu wengine, na mimi nimevaa beji yenye jina langu.

"Ni presha," nikasema. "Si mbaya sana."

Alichukua kitako kimoja mezani, akakigeuza.

"Hii ni mkono ya mama," akasema. "Sasa mgonjwa ameanzaje hii yote?"

"Alianza kabla hajazidiwa."

Ole wangu! Nilisema hivyo. Nilimwongezea ugonjwa mama mzima mbele ya mtoto wake, macho yangu yakiwa sakafuni. Akakaa kwenye kiti changu akalia, na mimi nikampangusa machozi kwa leso yangu.

Kesho yake, akiwa kando yangu, alimpata mama yake kwenye simu. Nduku alisema, "Niko mzima kabisa, mwana wakwa," kisha simu ikazima, maana huwa anaichaji dukani. Mwende hakuamini. Mama yake hata alipovunjika mkono alisema yuko mzima. Akaniaga, akaniomba nimwangalie. Nami nikarudi kwenye meza yangu.

Wiki tatu baada ya mimi kufika nyumbani, Mwende alirudi kumuuguza mama yake. Aliacha kazi. Aliacha karatasi ambazo zilikuwa zimebakiza miezi michache zitoke. Alimkuta mama yake ameinama na jembe, anazibua mitaro ya shamba kabla ya mvua.

Alikuja kwangu siku iliyofuata. Nilikuwa naanika nguo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Auntie, mama hajawahi kuwa na presha."

Nikapiga magoti palepale uani. Nikamwambia kila kitu, nikasema nitaenda kwa Nduku sasa hivi nimwombe msamaha.

"Hapana," akasema. "Ukimwambia, atajua nimepoteza miaka tisa juu yake. Hataweza kulala. Saa hii anaimba akipika. Wacha aimbe. Wewe nyamaza, na mimi usinisalimie tena."

Basi ninanyamaza. Mwende huamka kila alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye malango ya viwanda vya Athi River, na siku nyingi hurudi bila kibarua. Nduku hajui kitu. Mwende hakumwambia kilichomrudisha, naye anaamini nilimwona Mwende kule nikamshawishi arudi nyumbani. Alisimama kanisani mbele ya watu wote akanishukuru! Aliwaambia, huyu katibu wetu ndiye aliniletea mtoto. Watu wakapiga makofi, na Mwende alikuwa kwenye benchi moja na sisi, anaangalia kitabu chake cha nyimbo.

Ewe unayeshika simu ya kikundi, unayewasomea wazee barua zao, nakusihi. Barua ikija na jina la mtu, mpelekee leo, hata kama kuna matope, hata kama roho inakuuma. Usijiambie utarekebisha baadaye. Mimi nilipotaka kurekebisha niliambiwa ninyamaze, na aliyeniambia ana haki.

Jumapili nitakwenda kanisani tena, kwa sababu nikikosa watauliza. Nduku ataniwekea nafasi karibu naye, kama anavyofanya sasa kila wiki. Atanipa mkono wake, aseme asante mwana wakwa, nami nitaupokea.