Vigae Alivyoleta Mama Mkwe

Mwanangu nisiyekuzaa, iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Mama mkwe wangu alirudi kwa basi pale Temeke tulipokuwa tukikaa naye, na vigae viwili vya udongo vya kuezekea kichwani, kavifunga kwa kanga, akaja kuvitua miguuni pa mume wangu Salumu aliyekuwa akinywa chai mlangoni.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, sisi na watoto na mama mkwe, pazia katikati. Kiwanja tulishapata Ukonga, na kuta tulizisimamisha wenyewe, mimi nikichota maji ya kukandia udongo huku nina mimba. Lililobaki ni paa. Miaka ile bati lilikuwa la kutafutwa kwa tochi. Ukisikia limeingia dukani, ukifika limekwisha. Ndani ya kuta zetu majani yalishaota mpaka kiunoni. Vigae vilikuwapo, wanakijiji wa jirani walivichoma kwa ujamaa, na redio haikuchoka kuvisifu. Salumu hakutaka kuvisikia. Alikuwa karani, na makarani wenzake walilala chini ya bati. Alikuwa na kiburi, Mungu amrehemu, nami nilishachoka kubishana naye.

Mama mkwe alitamani kitu kimoja tu: kulala nyumbani kwa mwanawe, pasipo mwenye nyumba wa kumsimanga kwa ndoo ya maji.

"Nimevigonga kimoja kimoja mpaka nikapata vinavyolia vizuri, visivyo na ufa," alisema. "Kaezeke."

"Mama, huo si udongo tu? Subiri bati lije."

"Wee Salumu, udongo huu huu ndio mtakaonifukia nao. Mie siuonei haya. Wee unaona haya gani kunifunika nao ningali hai?"

Salumu aliacha chai yake ikapoa. Kesho yake akaenda kwa wachomaji. Lakini kigae ni kizito, mwanangu. Mbao tulizokuwa nazo zilikuwa za kubebea bati, ikabidi tutafute nene, na mbao nazo shida tupu. Masika yakaingia. Mama mkwe akashikwa na kifua mle mle chumbani, akafariki upande mmoja wa paa umeezekwa na wa pili uko wazi.

Salumu alikataa katakata maiti ya mama yake itoke kwenye nyumba ya kupanga. Tukampeleka Ukonga, tukamwosha sisi wanawake chini ya ule upande ulioezekwa. Mvua ilinyesha, na hata tone halikumgusa. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia katika nyumba ile. Salumu alilia mpaka majirani wakamshika mikono.

Sasa nakuona nawe umesimamisha kuta, unasubiri vigae vya rangi kutoka ng'ambo, na mama yako bado anahamahama na mizigo yake. Nimechoka kuyaona haya. Sikukatazi kupenda kizuri. Nenda kavigonge, uliza uzito wake, fundi aandae mbao mapema. Lakini chagua unachokiweza leo, na uchague kwa ajili ya watakaolala ndani, si kwa ajili ya wapita njia.

Mungu akupe paa lisilovuja, mwanangu, na mama yako aingie kwako kwa miguu yake mwenyewe.